Modeli inasema maboksi 12 kwa tani, ghalani yanafika 10: vipimo vya korosho vibadilishwe wapi kwenye simulesheni?

mwana_mikindani (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Wa kusini naomba msogee karibu maana hili linahusu korosho, ila watu wa mahesabu na wa kompyuta popote mlipo mnakaribishwa.

Nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kubangua hapa Mtwara mjini. Swali la bosi ni moja: tukinunua mashine ya pili ya kukata kabla ya minada ya Oktoba, maboksi yataongezeka, au mzigo utaenda kurundikana mbele kwenye kumenya? Nimekabidhiwa modeli ya simulesheni (programu inayoigiza kazi ya kiwanda kwenye kompyuta) iliyoachwa na mtaalamu aliyekuwepo kabla yangu, imeandikwa kwa Python na SimPy, maktaba yake ya simulesheni. Jamaa kaandika kwa mpangilio, hapo sina neno. Tatizo ni kwamba modeli inasema tani moja ya korosho ghafi inatoa maboksi 12 ya paundi 50. Kumi na mbili kamili, hata nukta hakuna. Ghalani kwetu tani nzuri kabisa inatoa 10 na chenji.

Nimefuatilia nikaona kila kituo kina kipimo chake. Mapokezi wanahesabu magunia. Kwenye mvuke wanahesabu mikupuo, yaani mizigo inayoingia kwa mara moja. Mashine ya kukata imeandikwa korosho kwa dakika. Tanuri ni trei. Akina mama wa kumenya ni kilo kwa shifti. Kupanga madaraja ni paundi, kupakia ni boksi. Katikati ya vituo kuna namba za kuzidisha zimekaa tu ndani ya kodi (code ya programu): 80, 0.272, 190, 2.2046. Hakuna hata moja yenye maelezo.

Kila kituo kibadilishe vipimo chenyewe, au modeli nzima iende kwa kilo mwanzo mwisho? Na hiyo 0.272 imetoka wapi?

chai_ya_rangi

Nimekaa paleee. Ila mkuu umesahau kipimo kikuu cha kusini: kangomba, ule ununuzi wa magendo kwa vipimo vya uongo. Kilo ya kangomba nayo iingie kwenye modeli, ina kilo na zaidi ndani yake na anayelipa tofauti ni mkulima.

mzee_wa_ghala

Kangomba tuiache, hiyo ni kesi ya polisi.

Kijana wangu, hiyo 0.272 naijua hata taa zikizimwa. Hiyo ni korosho ya paundi 48. Nimepima ubora miaka mingi kwenye maghala ya Masasi na Tandahimba, acha nikueleze inavyopatikana, halafu utaona mwenyewe kwa nini inakudanganya.

Unachukua sampuli ya kilo moja kutoka magunia yaliyotobolewa kwa kuchaguliwa huku na huku. Kwanza unahesabu punje, hapo ndipo inatoka 190 yako: korosho 190 kwa kilo. Kisha unazikata zote, moja moja, unatenga viini. Vizuri kabisa kundi lake. Vyenye madoa au visivyokomaa kundi lake. Vilivyooza na vitupu unatupa. Unapima vizuri gramu zote, vya madoa unachukua NUSU ya gramu zake, unajumlisha. Jumla unazidisha kwa 80, kwa kuwa gunia la biashara ni kilo 80, unagawa kwa 453.6 kupata paundi. Gramu 272 zinakupa paundi 48 kwa gunia.

Sasa angalia mambo mawili. Kiini hicho kimepimwa kikiwa na ngozi yake ya ndani na maji yake yote, hakijaona tanuri wala kisu cha kumenya. Halafu ile nusu ya vyenye madoa ni lugha ya bei tu, ili muuzaji na mnunuzi wagawane hasara. Kwenye trei zako hakuna nusu kiini. Kinapita kizima, kinakaushwa kizima, kinamenywa kizima, mwisho kabisa ndiyo kinaenda daraja la chini au kutupwa.

Tani moja ni magunia 12 na nusu. Mara paundi 48 ni paundi 600. Gawa kwa 50, maboksi 12. Mtaalamu wenu amepakia kwenye boksi kipimo cha mnadani.

mwana_mikindani

Shikamoo mzee. Aisee, kumbe ndiyo maana inatoka 12 bila nukta! Mimi nilidhani kuna kosa la kodi, nimesoma mistari yote.

Sasa swali langu la kwanza linabaki: nibadilishe wapi?

bweha_wa_liwale

Mbona mnamzungusha kijana? Kiwanda kinatoa 10 na chenji. Futa 0.272, weka 0.235, modeli itasema 10 na chenji, bosi atafurahi, tukalale.

msimbo_masasi

@bweha_wa_liwale hapana kaka. Ukifanya hivyo jumla itakaa sawa na katikati yote itaharibika, na swali la bosi liko katikati.

Fikiria. Ile 0.272 iko kwenye kituo cha kukata. Ukiishusha kuwa 0.235 pale pale, tanuri litaona kilo 235 kwa tani wakati ukweli linabeba kama 280, kwa sababu maji, ngozi na viini vibovu bado vimo. Foleni ya tanuri itaonekana fupi, trei zitaonekana zinatosha. Ukiipeleka hiyo punguzo mwisho kabisa kwenye kupakia, basi akina mama wa kumenya wataonekana wanamenya maji ambayo tanuri lilishayatoa. Vyovyote utakavyofanya unapata maboksi sahihi na foleni za uongo. Na mtu anayetaka kujua kama anunue mashine ya kukata anahitaji foleni.

Mimi naandika simulesheni kwa ajili ya kula (Dar, ila nyumbani Masasi), na kitu cha kwanza ninachofanya nikipewa modeli ya mtu ni kutenganisha namba za kubadili vipimo mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni zile ambazo hazijali kiwanda. Paundi moja ni kilo 0.45359237, leo na kesho, Newala na Vietnam. Saa ni dakika 60. Hizi ziandikwe mahali pamoja, mara moja, zisiguswe tena. Boksi la paundi 50 ni kilo 22.68.

Fungu la pili zinafanana na hizo kwa sura lakini ni tabia ya mzigo na ya kituo. Korosho ngapi kwa kilo. Kiini kiasi gani kwa kilo ya ghafi. Kilo ngapi za ngozi. Hizi si ubadilishaji wa vipimo hata kidogo, ni vitu vinavyotokea kiwandani. Zikae ndani ya kituo husika kama kigezo chake, ziwe na jina, na zibadilike mzigo kwa mzigo. Shehena ya paundi 48 na shehena ya paundi 52 zisipite kwenye namba moja.

Kwenye kodi yako 2.2046 na 0.272 zimekaa bega kwa bega kana kwamba ni ndugu.

saruji_mtwara

Naunga mkono. Mimi niko upande wa saruji, kwetu tani ni mifuko 20 ya kilo 50 na habari imeisha, unga ukishafika kwenye kupakia haupungui wala hauongezeki. Kwenu kitu kinabadilika njiani. Ni kama wale wa ndege ya Air Canada mwaka 1983, waliozidisha lita za mafuta kwa 1.77, ambayo ni paundi kwa lita, wakaandika jibu kuwa ni kilo. Mafuta yakaisha angani, wakatua Gimli kwa kuserereka bila injini.

chai_ya_rangi

Hao walitua salama. Wa kangomba hatutui.

mwana_mikindani

😂😂 @msimbo_masasi nimekuelewa. Lakini ndani ya modeli mzigo utembee kwa kipimo gani? Nilitaka kila korosho iwe kitu kimoja kinachotembea, kompyuta ikagoma.

msimbo_masasi

Lazima igome, tani moja ni vitu 190,000, na msimu mzima ni tani mamia. Tembeza mkupuo au trei, kila trei ibebe taarifa zake: kilo, unyevu, idadi ya korosho, saizi. Kituo kikitaka kilo kinasoma kilo, kikitaka idadi kinasoma idadi.

Na hapa ndipo watu wengi wanateleza: wanachagua kilo, halafu wanasahau kuuliza kilo ya nini. Korosho yako inaingia na unyevu wa asilimia 9 tuseme. Tani moja hapo ina kilo 90 za maji na kilo 910 za kitu kikavu. Ikipita kwenye mvuke na kupoa, tuseme inafika mashineni na asilimia 12. Kikavu ni kile kile 910, gawa kwa 0.88, sasa mzani unasoma kilo 1,034. Hakuna aliyeongeza hata korosho moja. Modeli inayofuata kilo za mzani itadhani umepata mzigo wa bure wa kilo 34, kisha kwenye tanuri itadhani umeibiwa.

Mimi natembeza kilo kavu na unyevu kama vitu viwili tofauti. Kilo ya mzani naikokotoa pale tu mtu anapoihitaji: kavu gawa kwa (1 toa unyevu). Kilo kavu haipotei, ikipotea ujue kuna mlango haujauandika.

mzee_wa_ghala

Hapo kwenye unyevu umenena. Ghalani hatupokei korosho iliyozidi asilimia 10, na kuna watu walikuwa wananyunyizia maji ili gunia lisome vizuri. Nao walikuwa wanabadili vipimo kwa namna yao.

Gunia lenyewe la juti usilisahau. Lina uzito wake.

mwana_mikindani

Basi kwenye mashine ya kukata niweke nini? Iliyopo imeandikwa korosho 1,200 kwa dakika, modeli imeigeuza kuwa kilo 379 kwa saa.

msimbo_masasi

Irudishe kwenye korosho. Mashine ina visu, kisu kinakata korosho moja kila kinaposhuka, hakijui kilo. Korosho 1,200 kwa dakika ni 72,000 kwa saa. Mzigo wa korosho 190 kwa kilo, tani inaisha kwa saa 2 na dakika 38. Mzigo wa punje ndogo, 210 kwa kilo, tani hiyo hiyo inachukua saa 2 na dakika 55. Punje kubwa za 170, saa 2 na dakika 22. Tofauti ya zaidi ya nusu saa kwa kila tani, mashine ile ile, fundi yule yule. Ile 379 imezika yote hayo.

Uzuri mwingine wa kutumia idadi: maji hayaigusi. Korosho ikilowa au ikikauka inabaki moja.

hesabu_nachingwea

Naongeza kidogo kwa sababu hapa watu hukosea wastani. Korosho zinapangwa kwa saizi kabla ya kukatwa, na kila saizi ina idadi yake kwa kilo. Ukiwa na saizi mbili, moja 160 kwa kilo na nyingine 220, wastani ni ngapi? Kama umezichanganya nusu kwa nusu kwa UZITO, ni 190. Kama ni nusu kwa nusu kwa IDADI, ni 185 na kidogo, kwa kuwa kubwa zinabeba uzito zaidi. Mashine inahesabu idadi, mapokezi wanapima uzito, kwa hiyo ukitoa wastani kituo kimoja ukautumia kingine unapishana. Afadhali usitoe wastani kabisa, kila saizi ibebe namba yake.

dada_newala

Habari zenu. Nimesoma kimya kimya, sasa mmefika kwangu. Mimi ni msimamizi wa kumenya, si kwenye kiwanda chako.

Kaka, hizo "kilo kwa shifti" za akina mama ni kilo zipi? Kuna kilo anazopewa mtu asubuhi zikiwa na ngozi, na kuna kilo anazorudisha zikiwa nyeupe. Sisi malipo yanafuata anazorudisha, kwa hiyo kwenye daftari kuna hizo tu. Mtu wa modeli akija anachukua daftari, anaandika kilo 12, halafu kwenye kompyuta anaiweka kama kasi ya kula mzigo. Siyo! Aliyerudisha 12 amepokea zaidi ya 12. Ngozi ilikwenda, vumbi lilikwenda, na vilivyovunjika vimepimwa pembeni.

Na jambo lingine. Mzigo wa punje ndogo kilo yake ina viini vingi zaidi, mikono inafanya kazi zaidi kwa kilo ile ile. Ukiwa na wiki ya punje ndogo hapa ndani kunakuwa na manung'uniko.

mwana_mikindani

Asante sana dada. Nimefungua kodi sasa hivi: ni kilo za daftari, imeziweka upande wa kuingia.

Halafu nimekuta kingine. Kasi hiyo imegawanywa kwa 8, yaani saa za shifti, wakati kila kitu kingine kwenye modeli ni dakika.

msimbo_masasi

Nilikuwa nasubiri hilo. SimPy haijui dakika wala saa, ukiiambia isubiri 5 itasubiri 5, za nini ni juu yako. Programu nyingine za simulesheni, AnyLogic na Arena, angalau zinakulazimisha uchague kipimo cha muda. Kwa kodi ya mikono dawa yangu ni ya kishamba: jina la kila namba linabeba kipimo chake. Usiandike "kasi". Andika kasi_kilo_nyeupe_kwa_dakika. Refu, baya, ila huwezi kulijumlisha na kasi_korosho_kwa_dakika bila macho kukuuma. Ipo pia maktaba ya Python inaitwa Pint, inabeba vipimo pamoja na namba na inakataa ukijumlisha kilo na dakika. Ila haitakuokoa kwenye hili la daftari, maana kilo yenye ngozi na kilo nyeupe kwake zote ni kilo.

bweha_wa_liwale

Haya nimekubali kushindwa. Swali la kupakia: boksi ni boksi, hapo napo kuna mtego?

msimbo_masasi

Upo, tena wawili.

Wa kwanza, kukata nukta. Ukiona kila tani imepigwa kuwa namba kamili, 10.45 inakuwa 10, basi kwa tani 100 umetupa maboksi 45. Hiyo ni zaidi ya tani moja ya korosho nyeupe imetoweka ndani ya kompyuta. Kinachobaki baada ya boksi kujaa kibaki kwenye pipa, kingoje mzigo unaofuata.

Wa pili ni kwamba hakuna pipa moja, kuna pipa la kila daraja. Mzee atueleze hayo madaraja.

mzee_wa_ghala

Namba ya daraja ni idadi ya viini kwa paundi. W320 ni nzima nyeupe, 300 hadi 320 kwa paundi. W240 ni 220 hadi 240. W180 ndiyo kubwa, 170 hadi 180, bei yake ndiyo hiyo. Boksi la W320 lina viini kati ya 15,000 na 16,000, la W180 halizidi 9,000, na yote mawili mzani unasoma paundi 50. Chini yake kuna vipande vya aina mbalimbali na vyenye rangi ya kuungua. Huwezi kujazia boksi la W180 kwa W240 ili liondoke, mnunuzi atalirudisha.

msimbo_masasi

Asante mzee. Sasa chukulia W180 ni asilimia 2 ya mzigo wako, na tani inatoa kilo 237 nyeupe. Hiyo ni kilo 4.74 za W180 kwa tani. Ili boksi moja lijae unahitaji karibu tani 5 za ghafi zipite. Modeli iliyogawa jumla kwa 22.68 inaona boksi hilo linatoka leo. Kiwandani linatoka keshokutwa, na muda wote huo kiini kipo wazi kinanyonya unyevu wa pwani. Kwa SimPy weka Container (pipa la ndani ya programu) moja kwa kila daraja, mpakiaji asubiri mpaka humo kuwe na kilo 22.68 ndipo achukue. Hapo kubadili kilo kuwa boksi kunakuwa tukio linalokula muda, na ndivyo lilivyo.

mwana_mikindani

Wakuu narudi na majibu. Nimejenga upya usiku, kwa tani moja ya paundi 48, namba nyingine nimechukulia tu mpaka nipime:

Viini vyenye ngozi kilo 280 (272 pamoja na ile nusu ya mzee iliyokuwa imefichwa). Unyevu 9, kwa hiyo kavu 254.8. Tanuri likishusha mpaka 4, mzani unasoma 265.4. Ngozi nimeweka asilimia 6, inabaki 249.5. Vya kutupa na vumbi asilimia 5, inabaki 237. Gawa kwa 22.68: maboksi 10.45.

Na foleni imehama. Kwenye modeli ya zamani mashine ya kukata ndiyo ilikuwa inachelewesha kila kitu, kwa hiyo kununua ya pili kulionekana dhahabu. Sasa, mzigo wa punje kubwa, mashine moja inatosha na trei zinapanga foleni kumenya. Mzigo wa punje ndogo vyote viwili vinabanwa. Nimemwambia bosi asilipe kwanza.

hesabu_nachingwea

Safi. Ila kasi ya kumenya bado umeiweka kilo, siyo? Dada kasema punje ndogo inachelewesha. Iweke viini kwa dakika kama ulivyofanya kwenye kukata, huenda hiyo "vyote viwili vinabanwa" ikawa mbaya zaidi ya unavyoiona.

mwana_mikindani

Kweli. Sina hizo namba, itabidi nikae nao na saa.

dada_newala

Kaa nao asubuhi na ukae nao saa tisa mchana pia, mikono haiko sawa. Halafu kaka, hizo kilo zinazotoka tanuri mnapima pamoja na trei au mnatoa trei kwanza?

mwana_mikindani

Kwenye kodi uzito wa trei ni 0. Ngoja niwaulize wa shifti ya usiku.